Nani Alikula Mémoire ya Hospitali

Ripoti ilikuwa ya mistari sita, na mstari wa tatu ndio uliomponza Mira. Aliiandika Jumatatu asubuhi, amesimama, karatasi ikiwa juu ya sanduku la betri za sola kwa sababu chumba cha seva hakikuwa na meza: mémoire ya serveur inapotea kidogo kidogo, kati ya giga sitini na nne, Ijumaa saa tisa zilibaki mbili. Akatia sahihi, akaipeleka ofisi ya gestionnaire, msimamizi wa fedha na mali, akarudi kazini.

Hospitali ile ilikuwa na seva moja, kubwa kama sanduku la nguo, na ndani yake zilikaa mashine nne zisizo na mwili: moja ya maabara, moja ya duka la dawa, moja ya uzazi na moja ya kasa, wanakolipia wagonjwa. Kila moja ilijiona iko peke yake. Lakini kwa miezi miwili sasa, kila baada ya siku moja au mbili, seva iliishiwa mémoire, ile nafasi yake ya kufanyia kazi, ikakabwa pumzi, na ili ijiokoe iliua mojawapo ya zile nne katikati ya kazi. Mira, fundi pekee wa kompyuta pale, alizima kila kitu alfajiri na kukiwasha upya, na wauguzi wakamlaumu yeye.

Xavier, gestionnaire, alisoma ripoti mara mbili. Alikwisha kuona magodoro yakipotea pale hospitalini, na kwinini, na hata mlango mzima pamoja na bawaba zake. Neno "kupotea" lilimwamsha kuliko kengele. Akamwita Mira.

"Mama Chloé," alisema, maana wote walimwita kwa jina la binti yake, "hii mémoire inapotea, inaendaka fasi gani?"

"Haiende fasi, Monsieur le gestionnaire. Iko mule mule mu machine. Kuko service moja inaikamata na hairudishe."

"Service gani? Maternité? Ao labo?"

Mira alieleza kwamba service aliyoisema si idara ya hospitali. Ni programu iliyo chini kabisa, inayozilea zile mashine nne, na programu hiyo ndiyo iliyokuwa inanenepa. Xavier alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayemwacha mwenzake amalize kudanganya. Mira alipotoka, Xavier alimpigia simu binamu yake anayeuza kompyuta Lubumbashi, akamuuliza kama mémoire ya serveur inauzika. Binamu alimjibu kwamba ni kibao chembamba, kifupi kuliko rula, kinaitwa barrette, kinaingia mfukoni, na hakimalizi siku mbili dukani. Kufika saa nane mchana Xavier hakuwa na swali tena.

*

Walikuja nyumbani Jumanne saa kumi, Xavier na walinzi wawili wa hospitali. Zébédée, mume wa Mira, alikuwa amerudi muda huo huo kutoka shule ya kanisa anakofundisha darasa la sita, chaki ingali kwenye mkono wa koti. Hawakuwa na karatasi yoyote ya kuwaruhusu. Xavier alisema ni matembezi ya kirafiki tu, kisha akaingia chumba cha kulala.

Waliinua godoro. Walimwaga unga wa bukari kwenye beseni, maana kitu chembamba kinafichika kwenye unga. Walifungua sanduku la Mama Masengo, mama yake Zébédée, ambalo hata mwanawe hakuwahi kulifungua; humo alitunza vitambaa vya siku yake ya kuzikwa. Mlinzi mmoja, kijana, alivikunjua kimoja kimoja na kuvitikisa. Mwenzake, mzee Mwamba, aliyewahi kuwa mwanajeshi kwenye kambi inayoitwa Base, alibaki mlangoni akiangalia nje.

"Munatafuta nini?" aliuliza Mama Masengo.

"Barrette," alisema Xavier.

"Ya kubania nywele?"

Majirani walikuwa wamekwisha kujaa kwenye uzio.

Katika kikapu cha michezo ya Chloé, binti mwenye miaka minane, walikuta kibao kimoja cha kijani chenye meno ya dhahabu. Kilitoka kwenye kompyuta ya Mira ya siku za masomo, iliyounguzwa na radi zamani, na mtoto alikitumia kuchania nywele za mwanasesere wake. Mira alieleza kwamba kibao hicho ni cha aina ya zamani, pengo lake liko mahali pengine, hakiwezi kuingia kwenye seva hata kwa nyundo. Xavier alikifunga kwenye leso yake taratibu, kama mtu anayebeba yai, akasema Mira atayaeleza hayo mbele ya commission, kamati ya uchunguzi ya hospitali. Wakaondoka.

Mama Masengo aliketi kitandani akaanza kukunja vitambaa vyake upya. Alipofika cha mwisho alimtazama mkamwana wake.

"Ulikamata kintu yabo?"

"Hapana, mama."

"Basi," alisema, akafunga sanduku.

*

Jumatano asubuhi tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa mapokezi: Mira amesimamishwa kazi kwa upotevu wa mali ya hospitali. Saa nne Xavier alimkabidhi karatasi ya kutia sahihi. Ilisema anakubali kwamba mémoire imepotea mikononi mwake, na kwamba mshahara wake utakatwa miezi kumi na mmoja. Akisaini, arudi kazini kesho yake. Asiposaini, mambo yaende polisi.

Siku ile ile, Zébédée alipoingia chumba cha walimu, mwenzake mmoja aliitoa simu yake mezani na kuitia mfukoni. Mchana kiongozi wa kwaya alipita nyumbani kumwomba Mama Masengo ufunguo wa kabati la mavazi, ufunguo aliokuwa ameushika miaka kumi na miwili. Alisema wanataka kuchongesha mwingine.

Zébédée aliisoma ile karatasi jikoni na akasema wasaini. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayemwomba mgonjwa anywe dawa. Miezi kumi na mmoja itapita. Watakula sombe bila samaki, watavaa nguo za mwaka jana, lakini kazi itabaki na watu watasahau.

"Nikisaini, hawatasahau," alisema Mira. "Chloé atakuwa mutoto ya mwizi, na karatasi njo itasema, na jina yangu iko chini yake. Sisaini."

"Na polisi?"

"Bakuje. Lakini mbele ya kuita polisi, bafungue machine. Bahesabu."

Alirudi hospitalini alasiri ile ile na kuyasema hayo mbele ya Docteur Isaïe, médecin directeur, yaani mganga mkuu wa hospitali, mtu mpole aliyependa mambo yaishe bila kelele. Alisema seva ina barrette nne, kila moja giga kumi na sita, na namba zake zimeandikwa kwenye karatasi ya siku ilipopokelewa. Ifunguliwe basi. Directeur alikubali, labda kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukataa.

Wakaifungua. Mira hakuruhusiwa kugusa. Mzee Mwamba ndiye aliyetoa skrubu kwa kisu chake. Barrette zilikuwa nne, na namba zote nne zililingana na za kwenye karatasi. Mira akaomba pia ile iliyokuwa ndani ya leso. Mwamba akajaribu kuiingiza, ikagoma, akaigeuza, ikagoma tena.

Kisha Xavier akakohoa.

"Alisharudisha," alisema. "Alisikia tunamutafuta, akarudisha."

Docteur Isaïe alitazama saa yake, akasema commission itaendelea.

Zébédée aliposikia hayo nyumbani, alivua kofia yake na kuitundika. Kisha akaichana ile karatasi vipande vinne, akavitia motoni chini ya sufuria.

"Kama baliona na macho yabo na bado banasema," alisema, "basi hata tusaini mara mia, haitabatosha. Tafuta ile kintu inakula. Utafute mupaka uipate."

*

Lakini mtu aliyesimamishwa kazi ataitafutaje? Njia ilifunguliwa na Abedi.

Abedi alikuwa mkuu wa maabara. Ukoo wake ni wa wafanyabiashara waliotoka Maniema tangu babu wa babu yake, na ndugu zake wote waliuza vitambaa sokoni. Yeye peke yake alikwenda kusomea damu. Alhamisi saa tano alikuwa akiingiza vipimo vya mwanamke mmoja aliyeletwa kwa pikipiki kutoka upande wa Kabondo-Dianda, amejifungua njiani na damu haikomi. Mashine ya maabara ikafa. Kundi la damu la mgonjwa, majina ya watu waliojitolea, vyote vikaondoka na kioo cheusi. Abedi alianza upya kwa mkono, kwenye sahani ya kioo, huku mume wa yule mwanamke akiwa amekunja shati hadi begani na kuunyosha mkono kana kwamba damu ingetoka yenyewe. Dakika arobaini zilipotea. Mwanamke alipona, lakini kwa chupuchupu.

Abedi aliosha mikono, akaenda ofisi ya directeur bila kubisha hodi.

"Docteur, Mama Chloé iko kwake tangu jana, na machine imekufa tena," alisema. "Sasa leo nani njo aliiba? Bamurudishe, ao minyi narudia ku registre ya karatasi na sitasaini tena resultat hata moja ya hii machine."

Docteur Isaïe alimrudisha Mira kwa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, kwa masharti ya Xavier: asiingie na mfuko, asiingie na simu, na mlinzi akae naye muda wote. Mlangoni walimpekua hadi kwenye kilemba. Mlinzi aliyepewa kazi ya kukaa naye alikuwa Mwamba. Mira aliruhusiwa kalamu moja na daftari la miraba, la hesabu, ambalo Chloé alikuwa amemwachia kurasa za nyuma.

*

Chumba kilikuwa cha mashuka zamani, na rafu za mbao zilikuwa bado ukutani. Mira aliiwasha upya seva, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamwonyesha mzee Mwamba mahali pa kutazama kwenye kioo.

"Hii namba njo ile service inashika," alisema. "Kila robo saa unisomee, muzee. Minyi ninaandika. Nisisome minyi, sababu batasema nilidanganya."

Mwamba alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Saa tatu kamili alisoma mega mia mbili kumi na mbili. Saa tatu na robo, mia mbili tisini na sita. Saa tatu na nusu, mia tatu themanini na moja.

"Iko inapanda," alisema, "na hakuna muntu alishagusa."

Hapo Mira akaanza kuondoa kitu kimoja baada ya kingine, kama mama anayetafuta chakula kilichomdhuru mtoto. Alisimamisha kazi ya kunakili mafaili. Namba ikapanda vile vile. Akairudisha. Akasimamisha kuangalia saa ya mtandao; ikapanda. Akairudisha. Adhuhuri ilipita, Mama Masengo akaleta bukari na dagaa katika bakuli lililofungwa kwa kitambaa, na mlinzi wa mlangoni akalichokonoa kwa kijiti kabla ya kulipitisha. Mira alikula. Alimgawia Mwamba nusu.

Saa nane alifika kwenye ekra ya Xavier. Miezi miwili nyuma, gestionnaire aliletewa na fundi wa kukodi kioo kikubwa cha ukutani kinachoonyesha hali ya mashine zote kwa rangi. Wageni walipoingia ofisini kwake, aliwageuzia kiti ili wakione. Kupata rangi hizo, kioo kiliiuliza ile programu ya chini, kila sekunde moja: maabara hujambo, dawa hujambo, uzazi hujambo, kasa hujambo? Mira alikizuia kisiulize.

Saa nane na robo Mwamba alisoma namba, akaisoma tena, akavua miwani na kuifuta.

"Imesimama."

Saa nane na nusu ilikuwa pale pale. Saa tisa pia. Mlango ukafunguliwa kwa nguvu, Xavier akauliza nani amezima ekra yake. Mira alisema ni yeye, kwa kazi, na itabaki hivyo hadi atakapomaliza. Xavier aliamuru aiwashe papo hapo. Mira hakuinuka kwenye ndoo.

"Docteur alinipatia siku mbili," alisema. "Nenda umuambie achukue siku yake. Minyi sitawasha."

Xavier alimtazama Mwamba, akitegemea mlinzi afanye kitu. Mwamba alikuwa anaandika saa kwenye kiganja chake. Xavier akaenda zake.

Kioo peke yake hakikumtosha Mira. Kuuliza si kosa. Programu iliyotengenezwa vizuri huulizwa mara milioni na haivimbi. Akairuhusu iulizwe habari za mashine moja moja. Dawa: namba haikutikisika. Uzazi: haikutikisika. Kasa: kimya. Maabara: ikaanza kupanda, kilobaiti tisini na sita kwa kila swali, bila kukosea.

Jumamosi asubuhi alijua kwa nini. Mashine ya maabara ilijengwa vibaya na yule fundi wa kukodi; ilikosa programu ndogo ya kuitika. Basi ile ya chini ilipouliza, ilitenga kwanza nafasi ya kuwekea jibu, kama mtu anayeshika bakuli kabla ya kugawiwa. Jibu halikuja. Ikachoka kungoja, ikaenda zake na bakuli mkononi, na sekunde iliyofuata ikashika jingine. Maandishi ya programu hiyo yalikuwa wazi kwa kila mtu kuyasoma, na Mira alikuwa na nakala yake kwenye seva. Aliyasoma kwa saa tatu, kidole kwenye kioo, akiruka yasiyomhusu, hadi akafika mahali penyewe. Jibu likija, nafasi inarudishwa. Jibu lisipokuja, mstari wa kuirudisha haupo. Aliyeiandika, huko aliko, alisahau.

Mira alikaa akiutazama mwanya ule. Miezi miwili ya lawama, unga uliomwagwa, sanduku la mama mkwe, na yote haya yalikuwa mstari mmoja ambao haukuandikwa.

Aliuandika. Akaijenga programu upya, akaisimamisha ile ya zamani, akaianzisha hii. Kama alikosea, mashine zote nne zingeanguka na wodi zikiwa zimejaa. Hazikuanguka. Akairudisha ekra ya Xavier, iulize zote nne, kila sekunde, itakavyo.

"Soma, muzee."

"Mia mbili kumi na mbili."

Robo saa ikapita.

"Mia mbili kumi na mbili," alisema Mwamba. Na baada ya robo nyingine, kabla hajaombwa, akasema tena.

*

Saa saba mchana walikusanyika mlangoni: Docteur Isaïe, Xavier, Abedi, na Zébédée aliyetoka shule akiwa na karatasi kubwa ya miraba. Usiku alikuwa amezichora namba za Ijumaa za kwenye daftari kwa wino: mstari uliopanda kama mlima, kisha ukalala. Mira alieleza kwa maneno machache. Xavier alisema hizo ni hesabu zake mwenyewe, mtu yeyote anaweza kuchora mlima.

Ndipo Mwamba akavua kofia.

"Namba ni minyi nilisoma," alisema. "Yote. Mama alikuwa ameketi ku ndoo, mikono ku magoti. Ilipanda yenyewe, na akaisimamisha mbele yangu. Kama ni uongo, basi mwongo ni minyi. Munifukuze minyi."

Abedi akauliza kwa upole ile ekra iliwekwa lini. Kila mmoja alijua ni miezi miwili. Docteur Isaïe alimshukuru Mira, akasema jambo limekwisha, Jumatatu kila mtu arudi kazini kwa amani.

"Halijaisha, Docteur," alisema Mira. "Nilifukuzwa na karatasi. Nitarudia na karatasi."

Docteur alisema si desturi kuandika barua ya kumsafisha mtu jina. Mira alijibu kwamba hata kumwaga unga wa watu si desturi.

Jumatatu saa moja na nusu aliketi kwenye benchi mbele ya ofisi ya Xavier, amevaa kitenge cha Jumapili. Hakuingia chumba cha seva. Wagonjwa walipita, wauguzi walipita. Wengine walimsalimu, wengine walijifanya wanasoma matangazo. Saa tatu Mama Masengo alikuja kuketi pembeni yake na kutoa sufu na sindano zake. Saa sita Zébédée, masomo ya asubuhi yakiwa yamekwisha, alikuja na Chloé, wakaketi nao. Benchi likajaa. Waliokuja kumwona gestionnaire walilazimika kusimama, na kila aliyesimama aliuliza kuna nini, na Mama Masengo alimweleza kila mmoja tangu mwanzo, bila haraka.

Saa nane Xavier alifungua mlango na kumpa Mira barua yenye muhuri. Mira aliisoma pale pale, amesimama. Ilikuwa barua nzuri, ya heshima. Ilisema kwamba baada ya uchunguzi, wizi haukuthibitishwa, na mhusika anarejeshwa kazini kuanzia kesho.

Akamrudishia.

"Haukuthibitishwa, ni kusema mungali munatafuta. Andika: haukutokea."

"Mama Chloé. Ile neno moja itabadilisha nini?"

"Kama haibadilishe kintu, basi andika."

Xavier alitazama benchi. Mama Masengo hakuinua macho kwenye sindano zake. Alisogea kidogo tu, kama anayetengeneza nafasi ya kukaa hadi kesho. Xavier akarudi ndani. Walisikia vidole vyake kwenye kibodi, kisha printa ikikoroma, kisha muhuri ukigongwa, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mira aliisoma barua ya pili kuanzia tarehe hadi sahihi. Akampa Zébédée aisome. Zébédée akampa mama yake, ambaye hakujua kusoma Kifaransa lakini aliishika kwa muda ule ule waliotumia wao kuisoma.

"Sawa," alisema Xavier. "Umepata ile ulitaka. Sasa rudia ku kazi, kasa inalalamika tangu asubuhi imprimante yabo haitoe karatasi."

Mira aliikunja barua mara mbili na kuitia kwenye pochi yake.

"Barua inasema kesho," alisema. "Minyi ninafuata barua."

Akamshika Chloé mkono, wakatoka wanne kupitia lango kubwa, saa nane na nusu, mchana wa kazi.